Meseji ya Hamsini na Nane

Mwankoko,
Singida.
Jumapili, 13 Julai 2025.

Kwa kaka yangu Deo,

Shikamoo kaka. Naitanguliza shikamoo yako hapa kwa kalamu kwa sababu kwenye simu umekataa kuipokea tangu Aprili. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Ulemo, kifua hakikusumbui na vumbi la mashudu ya alizeti, na kwamba unakula. Usije ukaniambia chai na andazi ni kula. Nimekulia nyumba moja na wewe, nakujua. Mimi huku Mwankoko nilikopanga mwili ni mzima. Hayo mengine utayakuta mbele, nikipata nguvu ya kuyafikia.

Nimeandika kwa karatasi makusudi. Meseji ungeifuta kwa kuona jina langu tu, ukidhani nimetumwa na Mama, maana mkono wako ni mwepesi. Karatasi angalau utaifungua ukidhani ni habari ya ukoo, na ukishaanza kusoma huwa huachi katikati hata ukikasirika. Kesho asubuhi namkabidhi konda wa basi linalopita hapo kwenu. Nimeshamwelekeza mashine ya kukamua alizeti, nikamwambia amuulizie Deo, yule mrefu asiyependa kuongea. Akanijibu kwamba kwenye mashine zile watu wa namna hiyo ni wengi.

Habari za nyumbani ni chache, na nzuri ni moja: yule ng'ombe mwekundu amezaa, ndama jike. Mvua ilikatika mapema kuliko mwaka jana. Alizeti ya shamba la bondeni, ile aliyoipanda marehemu wifi yangu Anastazia kwa mkono wake, tumbo likiwa la miezi mitano, haikuvunwa. Ilikauka ikisimama mpaka ndege wakaimaliza. Majirani walijitolea kuja kuikata, Mama akawakatalia kwamba mwenye shamba hajasema. Mwenye shamba ni wewe, na wewe hukuwa wa kuulizwa. Sasa pale bondeni yamebaki mabua matupu, na mbuzi wa watu wanapita humo wanavyotaka.

Nije kwa Mama. Najua hutaki kusikia jina lake, lakini soma tu, hakuna anayekuona. Mama amekonda, Deo. Gauni lake la kanisani sasa analifunga kamba kiunoni. Jumuiya haendi. Msibani haendi tena kabisa, hata kwa majirani wa ukuta mmoja. Mtu akifa pale kijijini Mama anapima unga, anampa mtu aupeleke, na yeye anabaki ndani amefunga mlango. Hakuna aliyemtenga, amejitenga mwenyewe tangu ile Jumamosi uliyosimama kaburini, mbele ya ukoo mzima na padri akiwa bado hajavua nguo zake, ukasema kwamba mama yako mzazi ameua mke wako na mtoto wako, kwa sababu alimwacha mjamzito wa miezi minane peke yake nyumbani akaenda kumenya viazi kwenye msiba wa mzee Alute. Ulisema hutakanyaga tena kwake. Hujakanyaga. Umetimiza neno lako, na mimi nimekuacha ulitimize miezi mitatu mizima.

Unakumbuka Mama alivyojitetea siku ile. Alisema Anastazia ndiye aliyemwambia aende, kwamba asijali, ameshaiandikia zahanati kuhusu hali yake na anasubiri jibu. Ukaenda kwa nesi Dorkas pale pale. Nesi alikufungulia simu yake ukaona ripoti ya Alhamisi, siku aliyoanguka mkeo, imeandikwa kwamba siku hiyo hakukuwa na dalili za hatari kwa mama yeyote. Ukarudi ukasema Mama anamsingizia marehemu ambaye hawezi kujibu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, hatua mbili. Nilisikia kila neno na sikufungua mdomo, mimi ambaye huwa unaniambia mdomo wangu hauna breki.

Sasa Mama mwenyewe anasema labda hakuambiwa. Anasema uzee umeanza, labda aliota, labda alilitamani neno lile mpaka akalisikia. Anastazia alimwambia, Deo. Ndiyo sababu naandika.

Itabidi nikueleze kazi yangu, na unisamehe nikirefusha, kwa sababu bila hiyo hutaelewa. Ulikuwa unanitania kwamba nalipwa kwa kuiandikia mashine barua. Ulisema kweli kuliko ulivyodhani. Ofisi yetu ni watu sita kwenye chumba kimoja mjini, hata bango hatuna. Tumetengeneza msaidizi wa akili mnemba kwa ajili ya magrupu ya simu ya wajawazito. Grupu la nyumbani lina wanawake zaidi ya sitini na nesi Dorkas. Nesi yuko peke yake, foleni ya wagonjwa inaanza jua halijatoka, hawezi kushika simu kutwa nzima kusoma nani kaandika nini. Kwa hiyo kila siku saa sita mchana Msaidizi, ndivyo tulivyomwita, anasoma meseji za grupu, anatafuta dalili za hatari, halafu anamwandikia nesi ripoti fupi. Nesi akaacha kusoma grupu akawa anasoma ripoti. Tulimwambia afanye hivyo. Na kina mama tuliwaambia kwenye mkutano kwamba mtu asitembee maili nzima kwenda zahanati kwa wasiwasi tu, aandike kwanza, asubiri, atajibiwa. Aliyesimama mbele yao akasema hivyo ni mimi, kwa sababu mimi ni mtoto wa pale na wananiamini.

Sasa huyo Msaidizi hawezi kufungua simu kama mimi na wewe. Bwana Filipo, mkuu wetu, alimtengenezea zana ambayo kazi yake ni moja tu, kwenda kwenye grupu, kuchota meseji, kumletea. Na Msaidizi hajui zana ile inafanya nini mpaka asome maelezo yake. Maelezo hayo huyaandika mtu, na mtu huyo ni mimi, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Kila siku kabla hajaitumia zana anayasoma upya, na anayaamini yote jinsi yalivyo. Mtu ukimpa maelezo mabovu atakuna kichwa, atarudi kukuuliza. Huyu harudi kuuliza.

Filipo alinieleza mambo mawili ya kuandika. Kwanza, zana inachota meseji hamsini za mwisho, haichoti zaidi. Pili, kama kuna nyingine zimebaki nyuma, inaweka alama mwishoni, na Msaidizi akiiona alama hiyo aiagize zana irudi ikachote tena. Niliyaandika yote mawili, tena vizuri. Kisha Filipo akaona maelezo yamekuwa marefu, akaniambia niyapunguze, kwa sababu kila neno Msaidizi analolisoma linamchelewesha. Nikakaa kupunguza. Ule mstari wa hamsini niliuona hauna kazi, maana grupu la kina mama lilikuwa halijafikisha hata meseji thelathini kwa siku. Nikaufuta. Na ule wa alama nikaufuta, kwa sababu bila wa kwanza haukueleweka. Nikabakiza sentensi moja: Zana hii huleta meseji za grupu za siku husika. Filipo alisoma akasema safi. Na mimi niliona safi, nikaenda kula.

Filipo simtupii lawama. Yeye si wa huku. Kwenye magrupu ya kwao mtu akifiwa wanaweka kile kialama cha mikono iliyoshikana, basi, wameshampa pole. Mimi ndiye wa huku, na nilichukuliwa kazini kwa sababu ni wa huku. Nilijua vizuri kwamba kwetu huwezi kumwekea mfiwa kialama ukapita, ni tusi. Aliyeisoma habari ya msiba lazima aandike pole yake kwa maneno yake, aeleze marehemu alikuwa nani kwake, na mwingine amwitikie, na mfiwa ashukuru kwa jina la kila mmoja. Asiyeandika atakumbukwa siku yake ikifika. Nilijua siku ya msiba grupu la watu sitini linakuwaje. Katika chumba kile chenye watu sita, mmoja tu ndiye angeweza kuliona kosa lile, na huyo ndiye aliyelifanya.

Alhamisi ile, saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, Anastazia aliandika kwenye grupu. Mama hakusema uongo na wala hakuota. Meseji yenyewe ni hii, nimeinakili kama ilivyo:

"Shikamooni kina mama na nesi wetu. Mimi ni Anastazia mke wa Deo. Kichwa kinauma tangu juzi hakiachi na leo naona ukungu machoni. Miguu imejaa viatu haviingii. Naomba kuuliza nije leo au nisubiri kliniki ya Jumatatu. Asanteni na kazi njema."

Ilipofika saa mbili na dakika arobaini mtu akatangaza kifo cha mzee Alute. Tangu hapo grupu likawaka. Wakristo wakaandika, Waislamu wakaandika, wale ambao mzee aliwahi kuwatolea mahari wakaandika, wale aliowahi kugombana nao mipaka wakaandika zaidi. Hakuna aliyekosea, ndivyo tulivyolelewa. Mpaka saa sita mchana zilikuwa zimeingia meseji hamsini na saba juu ya ile ya mkeo. Nimezihesabu, na nikirudi ofisini huwa nazihesabu tena kana kwamba zitapungua. Zana ikaja ikachota hamsini za mwisho. Ya Anastazia ilikuwa ya hamsini na nane ukihesabu kutoka mwisho. Ile alama ya kwamba kuna nyingine nyuma iliwekwa, Msaidizi akaiona, lakini hakuna aliyemwambia ni alama ya nini. Akaamini amesoma siku nzima. Akamwandikia nesi: Leo hakuna dalili za hatari. Wanagrupu wanapeana pole kwa msiba wa mzee Alute.

Na wakati huo wifi yangu amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, simu mkononi, anasubiri. Unamjua alivyokuwa. Akiambiwa subiri, anasubiri. Majirani walimkuta saa tisa alasiri ameanguka mlangoni, kifafa cha mimba kimeshamshika. Kutafuta gari mpaka saa kumi. Uliyoyakuta hospitali mjini ulipofika kutoka Ulemo unayajua wewe, siwezi kuyaandika.

Utaniuliza kwa nini meseji hiyo hukuiona. Simu yake ilikuwa na namba ya siri ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, ukaifungia sandukuni pamoja na nguo zake. Nesi alikuonyesha ripoti, hakupekua nyuma, na siku ya mazishi nani angepekua. Halafu lile grupu tulilipangia meseji zifutike zenyewe baada ya siku saba, kwa ajili ya siri za wagonjwa. Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata haikuwepo kwenye simu ya mtu yeyote. Imebaki kwenye kompyuta ya ofisini tu. Wapo wanawake walioisoma asubuhi ile. Wako pale kijijini, wanakutana na Mama kisimani, wanainamisha macho. Kila mmoja anajua aliisoma akaiacha akidhani Msaidizi ataishughulikia, akaenda kuandika pole. Mimi siwezi kuwasema vibaya, na mbele utaona kwa nini.

Wiki ya pili baada ya mazishi nilimpelekea Filipo habari. Alishika kichwa, akasema turekebishe haraka. Nikaurudisha ule mstari wa hamsini na ule wa alama. Kazi hiyo ilinichukua dakika nne. Kuna daftari letu la kumbukumbu za marekebisho kwenye kompyuta, lazima kila badiliko liandikwe, nami nikaandika kwamba maelezo kuhusu idadi ya meseji yameongezwa. Hivyo tu. Ukilisoma daftari lile hutajua kwamba kuna mtu alikufa. Tangu Mei zana inafanya kazi inavyotakiwa. Wanawake wawili wameonekana mapema, wakawahishwa, wamejifungua salama. Wafadhili wameandika barua ya pongezi na jina langu limo. Mwezi ujao inapelekwa wilaya nyingine, na hiyo yenu ya Iramba ni mojawapo. Watu wakinipa mkono nawapa, kisha natoka nje nakaa kwenye ngazi mpaka wamalize kuzungumza.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani kumwambia Mama. Nilimkuta anachambua mtama. Nilimweleza yote haya, polepole, nikamtolea karatasi yenye meseji ya Anastazia iliyochapwa. Aliigeuza huku na huku, unajua kusoma kwake ni kwa shida, akanirudishia. Akaniambia kwa Kinyaturu kwamba nisijitie dhambini kwa ajili yake, kwamba mtoto hana haja ya kutunga maneno ili amsafishe mama yake. Nikaapa. Akasema nisiape. Nikalia, akaninyamazisha kama alivyokuwa akininyamazisha zamani, akinisugua mgongo. Halafu akasema hata kama Anastazia aliandika, mashine haikuachiwa mkwe, aliyeachiwa ni yeye, na yeye aliinuka akaenda msibani. Deo ana haki, akasema. Akaendelea kuchambua mtama wake. Nimechelewa, kaka. Mwezi wa nne angenisikia. Sasa amekwisha kulikubali neno lako, amelifanya lake, na mimi sina namna ya kumtoa humo.

Nimeiweka karatasi hiyo hiyo ndani ya bahasha hii. Akisomewa na wewe huenda akaamini, kwa sababu wewe ndiye uliyemhukumu na hana sababu ya kudhani unamfunika. Sisemi hiyo "huenda" yangu ina nguvu yoyote. Nilivyomwona Jumapili, naogopa hata wewe utakuwa umechelewa. Lakini nenda.

Ningeweza kuishia hapa. Ungesema Editha alikosea kazini, kosa la maandishi, nani hakosei, na baada ya mwaka mmoja au miwili ungekuja ukanisalimia. Nimekaa na kalamu hii tangu misa ya asubuhi nikijaribu kuishia hapa.

Mimi nilikuwa ndani ya grupu lile, Deo. Watu wa ofisi huwa tumo, tumekaa kimya, tunatazama kina mama wanavyoandika. Saa tatu kasoro asubuhi ile nilikuwa jikoni kwangu nakunywa chai nikafungua simu. Niliisoma meseji ya wifi. Niliisoma mpaka mwisho. Kichwa, ukungu machoni, miguu. Orodha ya dalili za hatari anayoitumia Msaidizi niliiandika mimi, na hizo tatu zote zimo. Nilijua ninachokisoma kuliko mwanamke yeyote aliyekuwa kwenye grupu lile.

Niligusa jina lake nimpigie, kisha nikakata kabla haijaita.

Nisikilize kwa nini. Tulikuwa na wiki tatu tangu tuanze, na Msaidizi alikuwa hajamwona mgonjwa hata mmoja, ripoti zote ni hakuna dalili, hakuna dalili. Wafadhili walikuwa wanakuja Jumatatu. Filipo alikuwa anatuuliza kila siku kama hatuna hata mfano mmoja wa kweli wa kuwaonyesha. Nikafikiri, nikimpigia Anastazia ataondoka sasa hivi kwenda zahanati, na itakuwa ni mimi niliyemwona, si Msaidizi. Nikaangalia saa. Mpaka saa sita mchana ni saa tatu tu na kidogo. Nikasema moyoni saa tatu si kitu, acha aonwe na Msaidizi, nesi atampigia, atawahishwa, na Jumatatu tutakuwa na la kuonyesha. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilifurahi. Nakuandikia neno hilo nikijua utalisoma mara nyingi: nilifurahi kwamba mfano wetu umepatikana, na kwamba umetoka nyumbani kwetu.

Kisha nikaandika pole kwa familia ya mzee Alute, ndefu, nzuri, nikamkumbuka alivyotupa miwa tukiwa wadogo. Iko kati ya zile hamsini na saba. Ilipofika saa sita sikuifungua hata ripoti, nilivyokuwa na uhakika. Simu ya Mama ilipoingia saa kumi jioni, nilidhani ananipigia kunishukuru.

Basi ndiyo hayo. Mama hakumwacha mkeo. Alimwacha mikononi mwa watu waliosema watamwangalia, na mmoja wao alikuwa anamtazama. Sikuombi msamaha, kwa sababu sijui ningekuomba unisamehe kipi. Ninachokuomba ni kimoja, uende kwa Mama, na ukipanga siku nitumie neno kwa konda huyu huyu, nisije nikawa pale ukafika ukaona ni bora urudi.

Wasalimie wenzako wote wa mashineni, na mama mwenye nyumba wako, yule uliyesema anakuwekea maji ya kuoga. Mama hajui kwamba nimekuandikia, kwa hiyo sina salamu zake za kukupa, na sitakutungia. Kula, kaka. Jikinge na vumbi hilo.

Ni mimi mdogo wako,

Editha Mughwai.